Kisima cha Nne na Mstari Usiofutika

Shekina alikutwa amekufa, kifudifudi juu ya meza yake ya kazi, saa moja asubuhi. Kompyuta ilikuwa bado inawaka.

Inspekta Domitille Mwadi aliinama. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Ndani ya nywele, vumbi la kijani.

"Vumbi la jiwe la malakiti," alimwambia fundi wa maabara. "Chukua sampuli. Tafuta jiwe lililompiga."

Ofisi hii ya Manika ilikusanya vipimo vya maji ya visima vyote vya komini, yaani wilaya nzima. Marehemu ndiye aliyejenga ghala lake la data.

Chini ya mkono wa Shekina ilibaki karatasi: ramani ya visima. Duara moja jekundu, kubwa, alama ya maji yenye sumu: kisima cha nne, nyuma ya soko. Lakini kwenye kompyuta ramani ileile ilionyesha cha nne kijani. Jekundu lilikuwa limehamia kisima cha tisa.

Kisima cha tisa kilikauka miaka miwili iliyopita. Nani anachota pale?

Inspekta aliitazama tena ile ya karatasi. Kisima cha nne ndicho cha nyumbani kwake. Noëlla, binti yake wa miaka sita, alikuwa anatapika wiki ya tatu sasa. Daktari alisema minyoo.

Alimwita Lukusa, mfanyakazi mwenzake Shekina. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia.

"Nielezee polepole. Mi si mutu wa makompyuta."

"Angalia, mama inspekta. Katikati kuko tablo kubwa, jedwali ya bipimo. Kila kipimo cha mayi, mustari moja. Kandokando kuko batablo badogo: ya visima, ya siku, ya bapimaji. Ile kubwa inabeba namba tu. Jina ya kisima iko mu tablo ndogo."

"Mutu akibadilisha jina pale?"

"Bipimo byote binahama, na kisima yenye kubakia bila kipimo inakuwa kijani. Mustari moja tu, na ramani yote inadanganya."

Inspekta alisogea karibu na skrini. "Na ya zamani imepotea?"

"Hapana. Shekina alikatalaka kufuta. Kitu kikibadilika, mustari wa zamani anaufunga na tarehe, anafungua mupya. Ku ramani unaona mupya tu. Bengi habajue kama wa zamani ungali pale."

Lukusa alifungua tablo. Mistari miwili. Wa zamani: kisima cha nne, umefungwa Jumapili, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Aliyebadilisha: Shekina.

"Yeye mwenyewe?"

"Hapa bote tunaingia na jina yake, mama. Shefu njo alisema vile, juu tusisahau mot de passe, lile neno la siri."

Jumapili saa nne Shekina alikuwa anaongoza koro, kwaya ya kanisani. Inspekta mwenyewe alikaa benchi la tatu, Noëlla amelala magotini pake. Na funguo za ofisi zilikuwa mbili: ya Shekina, na ya shefu Polycarpe, mkuu wa ofisi.

Polycarpe aliletwa kituoni na koti lake zuri, akifuta jasho.

"Tata Polycarpe, ile dimanche, Jumapili saa nne, ulikuwa wapi?"

"Ku misa. Shekina aliimba muzuri sana ile siku."

"Alivaa nini?"

"Robe ya koro, ile kanzu ya bleu."

"Robe zote zilikuwa zimelowa na mvua ya Jumamosi. Koro nzima ilivaa bikwembe, vitenge vya kawaida."

Inspekta alisogeza kiti karibu.

"Na lile jiwe la kijani, malakiti, la kukandamizia karatasi zako? Tumelikuta ndani ya motokari yako. Halikuoshwa vizuri."

Mabega ya Polycarpe yalishuka.

"Jana jioni aliniletea ile ramani. Alisema atapeleka ku radio. Ile depo ya kuosha mawe ya madini, pale mulimani juu ya kisima cha nne, iko ya kaka yangu. Baba alipokufa, yeye njo alinilea. Nilimuomba Shekina wiki mbili tu, kaka ahamishe acide, ile asidi yenye kuingia mu mayi. Akasema batoto habana wiki mbili. Akanigeuzia mugongo."

"Batoto bako banakunywa mayi ya wapi?"



"Ya chupa."

"Toka lini?"

"Toka mwezi wa tatu."

Sasa ulikuwa mwezi wa saba.

Inspekta hakungoja sahihi. Alimwachia msaidizi kalamu, akaruka juu ya taxi-moto, pikipiki ya abiria. Simu ya nyumbani iliita, iliita, haikupokelewa.

Kwenye kisima cha nne bidon, madumu ya maji, zilikuwa zimepangwa, kila moja na kitambaa cha nyumba yake. Ya kwake, yenye utepe mwekundu, ilikuwa imejaa. Noëlla alikuwa ameikalia, kikombe mkononi.

"Mama! Nilikuwa na kiu."

Alimpokonya kikombe. Kilikuwa kitupu.

Akafunga utepe wa polisi kwenye pampu.

"Eh, mama inspekta!" mwanamke mmoja alipiga kelele. "Unatufungia? Tutapikia nini leo?"

Inspekta alimwinua Noëlla kutoka kwenye bidon. Aliinamisha bidon yake, akaimwaga yote mbele yao. Akina mama waliinama kuangalia. Maji yalikuwa maangavu kabisa, bila rangi wala harufu ya sumu.