Boti ya Unyayo Mmoja

Habari hii niliipata kwa Ng'washi mwenyewe, hapa nyumbani kwangu Butimba, siku tulipokuwa tunachambua dagaa na mvua ikamzuia kurudi kwake. Sikuongeza kitu. Nimepunguza vicheko tu, maana Ng'washi akisimulia hucheka mpaka dagaa wanamwagika.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Ng'washi aliishi Isenyela, kijiji kilichokuwa ng'ambo ya ghuba, kikitazamana na Mwanza. Teodora, binti wa kaka yake, alikuwa darasa la tano. Kila asubuhi alichota maji ziwani, akafagia uwanja, kisha akamchungulia mama yake kabla ya kukimbilia shule.

"Mama, umeamkaje?"

"Salama, mwanangu. Nenda, utachelewa."

Teodora hakuuliza kwa mazoea. Suzana, mama yake, alikuwa mjamzito. Mara iliyopita uchungu ulimshika wakati ziwa limechafuka. Wapiga kasia walijitahidi, lakini mtumbwi ulifika mjini jua likizama, na mtoto hakuwa hai.

Mwaka huo kijiji kiliamua kupata boti ya kuwapeleka wagonjwa hospitali. Mwenyekiti Malimi na Ng'washi walivuka kwenda kwa fundi Rugemalira, Mhaya aliyekuwa akiunda boti mjini. Fundi akawaonyesha boti mbili: moja pana na nzito, nyingine nyembamba, imechongoka kama samaki.

"Ile pana haitawaangusha, ila haitawawahisha pia," alisema. "Hii nyembamba itawafikisha kabla ugali haujaiva. Lakini inataka dereva aliyefundishwa."

"Si itapinduka hii?" Malimi akauliza.

Fundi akawaambia wainame, wachungulie chini. Tumbo la boti lilikuwa na ncha kama jembe, lakini kuelekea nyuma kulikuwa na ubapa mwembamba.

"Huu ni unyayo wake. Ikienda pole, inalala majini kwa tumbo zima. Ikienda kasi, inainuka na kusimama juu ya unyayo huu tu. Umewaona watoto wakiruka kwa mguu mmoja? Ndivyo hivyo. Inaweza kuanza kuyumba, kushoto, kulia, kushoto. Hapo dereva asihangaike. Ashike usukani, apunguze mafuta kidogo kidogo."

Malimi akakuna kichwa. "Tuijaribu kwanza. Ikitushinda, tutachukua pana."

Kijiji kikamchagua Ng'washi awe dereva, kwa kuwa hakuna aliyemshinda kupiga kasia. Wazee wengine wakaguna.

"Mwanamke na injini?"

"Nilipokuwa nawavusha kwa kasia mbona hamkuguna?" Ng'washi akawajibu.

Fundi akamfundisha muda wa juma zima, kwanza pole, halafu kwa kasi ya wastani. Ikafika Jumamosi ya kuionyesha boti mbele ya wanakijiji. Watu walijaa juu ya mawe ya ufukweni. Fundi alibaki nchi kavu ili wote waone kwamba Ng'washi anaendesha mwenyewe. Teodora aliwekwa kwenye kiti cha mgonjwa.

"Kaa katikati, usijitikise," fundi alimwambia. "Leo wewe ni mgonjwa."

"Naumwa nini?"

"Unaumwa maswali."

Boti iliondoka. Pua ikainuka juu, kisha ikashuka, na mara maji yakawa yanakimbia kama yanafukuzwa. Teodora alitaka kupiga vigelegele. Ndipo boti ikaanza kuyumba. Ikalala kushoto. Mtoto wa ziwani hufundishwa tangu hajajua kusema vizuri: mtumbwi ukilala kushoto, wewe egemea kulia. Teodora akaegemea kulia. Boti ikalala kulia, kwa nguvu zaidi. Akaegemea kushoto. Ng'washi naye alizungusha usukani huku na huku, akaogopa, akakata mafuta ghafla. Boti ikakaa chini kwa kishindo, na wimbi lililokuwa likiwafuata nyuma likawamwagikia mpaka magotini.

Kule ufukweni watu waliona jambo moja tu: mtoto akiegemea, kisha boti ikitulia.

"Teodora kaiokoa boti!" alipiga kelele Mayala, aliyekaa naye dawati moja. Akampa muwa wake wote.

Kinamama wakamkumbatia. "Bila akili za huyu, shangazi yake angetuulia mtoto," mmoja alisema kwa sauti ya kusikika. Ng'washi alishuka amelowa, akaifunga boti kamba.

"Kesho baada ya ibada tutakutana," alisema Malimi. "Naona tuchukue ile pana."

Jioni ile Teodora alisimulia tena na tena jinsi alivyoegemea. Suzana alimsikiliza, mkono uko tumboni.

"Basi," alisema polepole. "Pana nayo ni boti."

Asubuhi Teodora alirudi kutoka ziwani na karai la maji kichwani. Alikuwa na haraka, na maji yakaanza kucheza. Yalipokwenda kushoto, aliinua kushoto. Yakarudi kulia kwa nguvu, yakamwagika shingoni.

"Usiyafukuze maji!" mama yake aliita kutoka mlangoni. "Simama wima, yatatulia yenyewe."

Teodora alisimama wima. Maji yakacheza kidogo, yakatulia. Yeye hakutulia. Alibaki pale uwanjani na karai lake kichwani, akiikumbuka boti.

Akafikiri kunyamaza. Watu wazima walikuwa wamemsifu, muwa alikuwa ameshautafuna. Lakini alipomtazama mama yake akiingia ndani, ameshika kiuno, alijua atakwenda mkutanoni.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba kusema," alisema Teodora mkutanoni, baada ya ibada.

"Watoto husemea shuleni," mzee mmoja alinung'unika.

"Mwacheni mwokozi wetu aseme," alisema Malimi, na watu wakacheka.

"Mimi si mwokozi. Sikuiokoa boti, niliitikisa. Fundi aliniambia nisijitikise. Mimi nikaegemea kama kwenye mtumbwi. Kila nilipoegemea, ilizidi kuyumba, kama maji ya karai ukiyafukuza. Msimlaumu shangazi peke yake."

Hapo hapo Mayala akaropoka, "Basi nirudishie muwa wangu!"

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Ng'washi akasimama.

"Nami niliuzungusha usukani kama napiga kasia, nikakata mafuta ghafla. Tulikuwa wawili tuliokuwa tukiyafukuza maji."

"Na mimi wa tatu," alisema fundi Rugemalira, aliyelala kijijini kusubiri uamuzi. "Nilimwambia mtoto asijitikise, sikumwambia kwa nini."

Malimi akawatazama wote watatu. "Haya, twendeni majini. Rudieni, tuone."

Mara ya pili boti ilipoanza kuyumba, mwili wote wa Teodora ulitaka kuegemea. Akashika kiti kwa mikono miwili, akakazia macho mgongo wa shangazi yake. Ng'washi alishika usukani bila kuuzungusha, akapunguza mafuta kidogo, halafu kidogo tena. Boti ikatulia kama kuku juu ya mayai. Akaongeza mafuta, wakapita mbele ya mawe kwa kasi, moja kwa moja.

Boti nyembamba ikabaki Isenyela.

Uchungu ulimshika Suzana asubuhi moja, upepo ukivuma kama ule wa mara iliyopita. Ng'washi alishika usukani. Teodora aliketi katikati, amekumbatia miguu ya mama yake, wala hakujitikisa. Kabla ya saa sita mchana mtoto wa kike alikuwa analia wodini, analia kwa hasira kabisa.

Jioni Ng'washi na Teodora waliketi kwenye benchi la baraza ya hospitali. Ndani, Suzana na kichanga walikuwa wamekwisha kulala.

"Sifa zilikuwa tamu, au sivyo?" Ng'washi aliuliza.

"Sana, Shangazi. Kuliko muwa."

"Najua. Ungezishikilia, leo tungekuwa bado tuko katikati ya ghuba. Ukisifiwa kwa jambo ambalo hukulifanya, zirudishe sifa mapema, hata kama inauma. Mwenzako anaweza kuzama kwa ajili ya sifa zako. Na ukifundishwa jambo jipya, uliza sababu yake, usilazimishe lile la zamani. Umenisikia?"

Teodora alikuwa amelala, amemwegemea kwa uzito wake wote, upande wa kulia. Ng'washi akataka kuegemea kushoto ili benchi lisiwaangushe. Akakumbuka. Akacheka peke yake, akakaa wima bila kujitikisa, na baada ya kitambo naye usingizi ukamchukua.