Nimechoka Nawe

"Hilo sanduku linakwenda wapi?"

"Kwa dada. Na mimi nalifuata."

Gwiji alisimama mlangoni na gitaa begani. Alikuwa ametoka studio kwa furaha, wimbo wake mpya umepigwa redioni asubuhi hiyo. Mkewe, ambaye mtaa mzima humwita Chiriku kwa sababu hanyamazi, alikuwa anakunja magauni kimyakimya. Ule ukimya ulimtisha Gwiji kuliko sanduku.

"Nimekosa nini?"

"Jiulize. Si unajua lugha za watu siku hizi?"

Gwiji ameimba tangu enzi za kanda. Sasa sauti inakwaruza, nywele zimekwenda likizo zisirudi, na vijana walishamzika. Ndipo alipoamua kutoa albamu ya muziki wa Kilatini, yenye tarumbeta, ngoma za bongo na maneno ya Kihispania. Miezi mizima alishinda studio, na siku nyingine kwa mwalimu wa Kihispania, mwanamke mwenye kicheko cha karibu. Chiriku, mwitikiaji wake katika kila wimbo aliowahi kurekodi, hakuitwa hata mara moja.

"Soma," Chiriku akamtupia simu.

Ujumbe ulitoka kwa dada yake, mpokea wageni hotelini, anayezungumza na watu wa kila lugha: "Mdogo wangu, nimeusikia wimbo wa shemeji. Kiitikio kinasema 'estoy cansado contigo'. Maana yake nimechoka nawe. Njoo, chumba kipo."

Gwiji akasoma, akarudia.

"Nani amechoka?"

"Wewe. Umenichoka, ukaona uitangazie dunia. Na mimi nimeucheza, Gwiji. Nilikuwa nakaanga vitunguu, nikatikisa kiuno mpaka jirani akanipigia makofi dirishani. Kumbe nacheza talaka yangu."

"Mke wangu, pale nimeimba kwamba nimekuoa. Mimi ni wako."

"Kwa lugha ya nani?"

"Kihispania."

"Alichokutungia mwalimu wako."

"Mwalimu hajui hata kama wimbo upo. Nilimtoroka. Alianza mambo ya vitenzi, nikaona ananichelewesha. Chiriku, lugha ile meza ni mesa, bendera ni bandera. Nikasema ah, hii ni yetu, imepotea njia tu. Nikatunga mwenyewe."

"Mpigie. Weka spika."

Simu iliita kidogo tu.

"Mwanafunzi mtoro," mwalimu akasema. "Leo umekumbuka njia?"

"Mwalimu, nikitaka kusema nimekuoa, nasemaje?"

"Estoy casado contigo."

"Na nikisema cansado?"

"Hapo umechoka. Casado, umeoa. Cansado, umechoka. Ngoja. Usiniambie ni wewe ninayekusikia redioni." Kicheko kikafumuka. "Nilidhani ni wimbo wa kuachana. Hata mume wangu kasema huyu mzee ana uchungu wa kweli."

Chiriku akaikata simu.

"Herufi moja," Gwiji akasema. "N moja tu imeniponza."

Alitegemea mkewe acheke. Chiriku aliketi juu ya sanduku, machozi yakamtoka.

"N nimekusamehe. Wewe hata maandishi ya dawa ya kikohozi unayasoma kinyume. Nijibu hili jingine. Nyimbo zako zote nimeitikia mimi. Nina mimba, nimeitikia. Nina homa, nimeitikia. Safari hii umechukua wasichana wawili, mimi ukaniacha na vitunguu. Kwa nini?"

Gwiji akaliweka gitaa kitandani.

"Nyimbo zangu umezisikia maisha yako yote ukiwa umesimama nyuma yangu. Huu ni wako. Nikataka siku moja ukae kitako uimbiwe, usiitikie."

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Nani alikwambia nataka kuimbiwa? Ukimnyamazisha mwitikiaji, atajua umemchoka hata ukimwimbia kwa Kichina."

Gwiji akaketi sakafuni kando ya sanduku.

"Nimekosea pabaya," akasema. "Kesho naurekodi upya. Njoo. Usipokuja, sirekodi, na albamu ife."

"Usinitishe na albamu."

"Sikutishi. Nakuomba."

Chiriku akafuta uso kwa gauni alilokuwa amelikunja.

"Nitakuja kusikiliza. Sanduku silifungui."

Kesho yake studio ilikuwa na joto, chumba kidogo chenye sponji ukutani na feni iliyozimwa isiingie kwenye sauti. Wasichana wawili walimpisha Chiriku. Mmoja akavua vipokea sauti vyake akamvisha.

"Mama, shika huu upande wangu."

"Nimekuja kusikiliza tu, mwanangu."

Fundi wa sauti akafungulia muziki. Tarumbeta ikalia. Gwiji akaimba akitokwa jasho, kila herufi akiikanyaga kama mtu anayevuka mto juu ya mawe: "Estoy casado contigo."

Wasichana wakavuta pumzi waitikie. Chiriku akawahi. Sauti ilimtoka yenyewe, nzito, imeiva: "Estoy cansada contigo."

Fundi akasimamisha muziki.

"Samahani, mama. Umeitikia lile neno la makosa. Hapo umesema umechoka."

"Ndivyo nilivyosema. Dada kanifundisha jana kwa simu neno la kike, cansada, nimelala nalo mdomoni. Yeye aseme ameoa, mimi nasema nimechoka. Si kwamba nimemchoka. Nimechoka naye, mimi na yeye, pamoja. Wenzetu wengi wamechoka kila mtu kwake."

Gwiji alifuta macho kwa mkono wa shati, akasingizia jasho.

"Niifute hiyo, Gwiji?" fundi akauliza.

"Ukiigusa n yake, nakuvunjia mashine. Rudisha tarumbeta."

"Ngoja kwanza," Chiriku akasema. Akatoka mstari wa waitikiaji, akaenda mbele alikosimama mumewe. "Sogea. Maikrofoni hii inatosha watu wawili."

Gwiji akasogea.