Kompyuta Zisizouliza Neno la Siri

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi walitoka getini makundi kwa makundi, wakisukumana na kutaniana. Mwanafunzi mmoja alivuka uwanja peke yake, mkoba begani, hadi chumba cha kompyuta alikofanya kazi mama yake.

Darasani walimwita Mgeni. Alikuwa amehamia pale katikati ya muhula, na ingawa muhula mwingine ulikuwa umeshaanza, jina lilimganda kama gundi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye hakuna aliyempa hata kijiti. Wakati wa mapumziko alisimama karibu na bomba la maji, akajifanya ana kiu. Alikunywa maji mengi sana muhula ule.

Mama yake alikuwa fundi wa kompyuta. Walikwenda kazi ilikopatikana, kazi ikiisha wakahama tena, hata maboksi ya kuhamia hawakuyatupa. Yalikunjwa chini ya kitanda. Safari hii shule ilikuwa imepata kompyuta za chumba kizima, zilizotumika ofisini, na mama alipewa kazi ya kuziandaa. Akiziandaa vizuri, angeajiriwa moja kwa moja.

"Mama, utaziandaa zote moja moja?" Mgeni aliuliza siku moja, akiwa amekaa juu ya boksi tupu.

"Nikifanya hivyo nitazeekea humu, mwanangu. Naandaa moja tu, iwe ndiyo mama yao. Nyingine zote zitakuwa nakala zake, kama mapacha."

"Halafu basi?"

"Bado. Kila pacha akiwashwa mara ya kwanza ana kazi za kumaliza. Ajipe jina lake, aitambue printa, apange mafaili. Kazi hizo anaruhusiwa msimamizi peke yake, na msimamizi ana neno la siri. Sasa mimi nizunguke kila meza nikiandika neno hilo? Naacha maagizo ndani: ukiwaka, ingia mwenyewe kama msimamizi, fanya kazi zako, ukimaliza funga mlango."

"Na usipofungwa?"

Mama alicheka kidogo. "Basi yeyote atakayekaa kwenye kiti ndiye bwana mkubwa wa mashine."

Wiki iliyofuata chumba kilifunguliwa. Mwalimu wa kompyuta aliwaambia wawashe mashine. Mgeni alikaa kwenye meza ya pembeni, karibu na dirisha, akisubiri skrini imwulize neno la siri. Haikumwuliza. Iliingia yenyewe, na kwenye kona ya juu likaandikwa neno moja: Msimamizi. Akachungulia ya jirani. Msimamizi. Ya mbele yake, vilevile.

Alijua alichokuwa anakiona, na alijua ni kosa la nani.

"Mbona umeduwaa?" aliuliza kijana wa meza ya jirani. Huyu aliitwa Bingwa, kwa sababu hakuna mchezo alioshindwa, au ndivyo alivyosema mwenyewe. "Hii Msimamizi ni nini?"

Hakuna aliyekuwa amemwuliza Mgeni swali tangu afike, ukiacha walimu. Kabla hajafikiri, maneno yalishamtoka. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba mashine imefunguka yote, kwamba mtu anaweza kuweka chochote na kufuta chochote.

Bingwa alimtazama kama mtu aliyeokota almasi jalalani. "Kumbe wewe ni mtu wa maana," alisema. "Njoo ukae hapa."

Kuanzia siku hiyo bomba la maji lilimkosa. Wakati wa mapumziko Bingwa na wenzake walimwita kwa mbali, wakaingia naye chumba cha kompyuta saa ambayo mama hakuwapo, wakaweka michezo ya mbio za magari. Walimpisha kiti. Walicheka aliposema jambo la kuchekesha, na hata lisilochekesha. Kila jioni alimtazama mama yake akikunja nyaya, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Akisema, marafiki watakwenda. Akisema, mama ataonekana kazi haijui, na maboksi yatatolewa chini ya kitanda. Akajiambia kwamba mchezo haumuumizi mtu.

Siku moja Bingwa alileta mchezo mpya, mkubwa, akakaa kwenye mashine ya mbele. Mashine ikakataa kwa kukosa nafasi.

"Futa hiki," alisema, akionyesha folda. "Kinakula nafasi bure."

"Huenda ni cha mtu," alisema Mgeni.

"Cha nani? Kila mtu angeweka jina lake." Akafuta mwenyewe, mchezo ukaingia.

Folda ile ilikuwa ya msichana waliyemwita Miwani, anayekaa kiti cha mbele kabisa. Kila siku baada ya chakula alikuwa akiandika habari za mtaa wao kabla ya barabara kuu kupitishwa katikati: nani aliishi wapi, kisima kilikuwa upande gani. Alikuwa amewauliza wazee nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo ndiyo ingesomwa mbele ya wazazi siku ya kufunga shule.

Mwalimu wa kompyuta alipoitaka, Miwani aliifungua mashine, akatafuta, akatafuta tena. Mwisho akavua miwani yake na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Ilikuwa hapa, mwalimu."

"Kazi haina miguu," alisema mwalimu. "Kama hukuandika, sema hukuandika. Tutachagua mwingine."

Bingwa alitazama dari. Mgeni alitazama mikono yake. Msichana yule hakulia. Aliketi tu wima, kama mtu aliyeachwa kituoni na basi la mwisho. Mgeni aliijua namna ile ya kukaa. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa hivyo kwa miezi.

Mchana ule hakungoja mama amalize kukunja nyaya. Alisimama mlangoni, akasema yote bila kupumzika: mashine, michezo, folda, Miwani. "Na nilijua tangu siku ya kwanza, mama. Niliogopa utafukuzwa. Halafu niliogopa kubaki peke yangu."

Mama aliketi. Akawasha kompyuta iliyokuwa karibu, ikaingia yenyewe. Akaitazama muda mrefu.

"Nilipokuwa naijaribu ile ya kwanza niliiambia iingie yenyewe kila inapowaka, nisichoke kuandika," alisema. "Kabla ya kunakili nilipaswa kuibadilisha, iingie mara moja tu. Nikasahau. Nakala haichagui, mwanangu. Ukinakili kosa moja, unalipata chumba kizima."

"Utamwambia mwalimu mkuu?"

"Tutamwambia. Mimi langu, wewe lako."

Mwalimu mkuu aliwasikiliza akiwa ameweka kalamu chini. Alimwita Bingwa, naye akakiri. Akamwita mwalimu wa kompyuta, ambaye alimwomba Miwani radhi mbele ya darasa lote. Mama aliingia kazini siku zile zile. Aliopoa sehemu ya maandishi ya Miwani, ile ambayo nafasi yake ilikuwa haijachukuliwa na mchezo. Iliyobaki ilikuwa imepotea. Kisha akasahihisha kompyuta mama, akanakili upya. Safari hii kila mashine iliingia mara moja, ikamaliza kazi zake, ikalifuta neno la siri lililokuwa kwenye maagizo, ikajizima na kuwaka tena. Mgeni alipita meza hadi meza kuhakikisha. Kila skrini ilimwuliza yeye ni nani.

Bingwa na wenzake hawakumwita tena. Walipopishana uwanjani waliangalia pembeni, na hilo lilimwuma kuliko alivyotarajia. Lakini baada ya chakula alikwenda kukaa karibu na Miwani, akachapa huku mwenzake akikumbuka na kumtajia nyumba moja baada ya nyingine. Hawakuongea mengine. Siku ya tatu Miwani alisogeza kiti chake kidogo ili wote wawili waione skrini vizuri.

Habari ile ilikamilika, na ilisomwa mbele ya wazazi. Baadaye mwalimu mkuu aliwaita mama na Mgeni ofisini, akasema mama ataendelea na kazi.

"Fundi asiyekosea sijawahi kumwona," alisema. "Nimeona wengi wanaoficha, na hao siwezi kuwaachia funguo." Akamgeukia Mgeni. "Nawe sikia. Mlango kuachwa wazi si ruhusa ya kuingia. Na ukiona umeachwa wazi, mwambie mwenye nyumba siku ile ile, hata kama ni mama yako. Ukimya wako ulikupa marafiki wa wiki chache, ukamgharimu mwenzako kazi ya muhula. Ukiwa na rafiki anayetaka unyamaze, mwanangu, bado uko peke yako."

Mgeni aliitikia kwa kichwa, akashukuru, akatoka kumsaidia mama kubeba nyaya.