Tundu la Korbinian

"Fumba macho, Zenzi."

"Nifumbe macho mbele ya mwanaume mwenye bunduki?"

"Bunduki unayo wewe. Fumba, bwana."

Nikafumba. Korbinian akaniwekea kitako cha bunduki begani bila kunigusa hata kwa kidole. Ndivyo alivyo tangu ujana wake.

"Laza shavu pale linapotaka lenyewe. Haya, fumbua. Unaona nini?"

"Mbao."

"Huoni duara la mbele katikati ya tundu la nyuma?"

"Nakwambia naona mbao!"

"Basi hiyo siyo yako. Lete."

Akairudisha ukutani pamoja na zile nyingine zilizonikataa. Kweli nilihitaji bunduki. Kibali ninacho, na nimechoka na ile ya risasi ndogo ya chama chetu cha kulenga shabaha, ambayo imelaliwa na mashavu ya kijiji kizima. Ya marehemu mume wangu Alois ni ndefu, nikiishika shingo inaniuma siku mbili. Lakini sitawadanganya: kilichonikimbiza pale ni karatasi iliyobandikwa dirishani mwa duka lake la bunduki. Korbinian anafunga Jumamosi na kuhamia kwa dada yake, ng'ambo ya milima, Austria. Nilikuwa na swali moja moyoni tangu siku ya harusi yangu, na mwenye jibu alikuwa anafungasha virago.

"Unatumia mkono gani?" akauliza.

"Wa kulia. Kijiko, kalamu na makofi, vyote wa kulia."

Akatabasamu, akaingia stoo. Akarudi na kibunduki kizuri jamani, kitako cha mti wa jozi, kimechongwa kwa ajili ya bega la kushoto.

"Korbi, umeanza kuzeeka? Hii ya watu wa mashoto."

"Mkono wako wa kulia, lakini jicho lako la kulengea ni la kushoto. Jaribu kwanza, matusi baadaye."

Nikafumba, nikalaza shavu, nikafumbua. Loo! Duara lilikuwa limekaa katikati ya tundu, limetulia, linanisubiri. Kumbe muda wote niliokuwa nachekwa chamani kwamba natetemeka, nilikuwa nalenga kwa jicho lisilo langu.

"Umejuaje na hukunipima?"

Akainama kufuta kaunta iliyokuwa safi tayari.

"Pazia lako halikuwa linafunga vizuri," akasema polepole. "Ulikuwa unanichungulia kwa jicho la kushoto."

Kumbe hajasahau!

Enzi zetu kijana akimpenda binti alikuwa anabeba ngazi usiku, anaiegemeza chini ya dirisha lake, anapanda, wanaongea. Wazazi wanajifanya wamelala. Korbinian aliibeba ngazi ya baba yake kutoka mwisho wa kijiji, mbwa wote wakimbwekea. Halafu akifika juu, kimya!

"Sema basi, Korbi," namwambia.

"Theluji inayeyuka," anajibu.

"Utakuja lini kuongea na baba?"

"Karibuni."

Hiyo karibuni yake haikufika. Alois hakupanda ngazi yoyote. Alivaa suti, akapita mlango wa mbele, akaongea. Alikuwa mume mwema, simsemi vibaya. Lakini mimi niliolewa huku nikiangalia nyuma, na aliyekuwa nyuma akaniaibisha.

"Kama unakumbuka hadi pazia," nikamwambia, hasira imeshanipanda, "kwa nini ulinifanyia vile siku ya harusi yangu?"

Kwetu mwanachama akioa, unachorwa ubao wa duara wa harusi. Kila mwanachama anaupiga risasi moja, kisha unatundikwa ukumbini kwa Resi mwenye baa, unakaa hapo maisha. Wangu ulichorwa maharusi katikati na nyumba ya baba pembeni. Wote walipiga karibu na katikati, hata babu yake Alois aliyekuwa haoni vizuri. Korbinian, bingwa wetu, akapiga pembeni huko, mbali kabisa! Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mpaka leo mtu akikosa vibaya wanamwambia, "Umepiga ya Korbinian."

"Ulikuwa umelewa?"

"Sikuonja hata tone."

"Basi ulinidharau! Risasi moja ya heshima ukaninyima!"

"Zenzi, sikukosa."

"Ulikosa kwa upana wa kiganja. Nilikuwepo!"

"Sikukosa." Akaacha kufuta kaunta. "Nenda kaangalie."

"Nauangalia miaka yote!"

"Unauangalia ukiwa chini. Panda."

Nikatoka nimefura, bunduki nimeiacha kaunta, nikanyoosha moja kwa moja kwa Resi.

"Resi, nipe ngazi."

"Ngazi? Na umri huu, shoga, unampandia nani?"

"Naupandia ubao wangu."

"Ukianguka mimi sikuokoti. Mgongo wangu mbovu."

Ubao umetundikwa juu ya jiko la kuni, umeiva kwa moshi. Nikapanda, nikatoa leso, nikaitemea mate, nikafuta. Ikatokea nyumba ya baba, na roshani yake yenye maua mekundu. Yakatokea madirisha ya juu, yamechorwa meusi. Kutoka chini ni kama vidoa tu, na watu walijali kupima tundu liko mbali kiasi gani na katikati. Nani alishughulika kuangalia limeingia wapi?

Nikapitisha kidole. Dirisha la mwanzo, zima. La mwisho, zima. La kati kidole kikazama.

Lilikuwa dirisha langu. Risasi imepita kwenye kioo, imeacha fremu bila hata mkwaruzo.

"Vipi huko juu?" Resi akaita. "Umeona buibui?"

Nilikuwa nalia juu ya ngazi kama mtoto.

"Zenzi? Shuka basi, utaniangukia!"

Nikashuka, nikakaa kwenye benchi, nikamwandikia Korbinian ujumbe.

"Nimepanda."

"Umeona?"

"Dirisha langu."

Resi akaniletea bia nisiyoagiza, akajifanya anapanga glasi. Ndipo ukaingia ujumbe wake:

"Mdomo ulinishinda, Zenzi. Bunduki ndiyo pekee iliyokuwa inanitii."

Nikampigia palepale.

"Korbi, Jumamosi unaondoka kweli?"

Kimya. Kilekile cha ngazini.

"Ukiniambia theluji inayeyuka, nakata!"

Nikamsikia anacheka, kicheko kimechanganyika na kilio.

"Ngazi bado ninayo," akasema. "Shida ni goti."

"Nani amekwambia upande? Nilirudi nyumba ya baba tangu Alois afariki, na mlango wa mbele upo palepale. Niletee bunduki yangu. Na uvae suti."

"Suti ya nini tena?"

"Si unakuja kuongea?"

Alikuja jioni ileile. Bunduki mkobani, suti inanuka dawa ya nondo, nywele amezilaza kwa maji. Akasimama mlangoni, akafungua mdomo, akaufunga. Nikamwacha. Nilishasubiri zaidi ya hapo.

"Zenzi," akaanza, "theluji..."

"Korbi!"

"Niache nimalize! Theluji iyeyuke isiyeyuke, nataka kukuoa. Nilitaka tangu zamani. Sitaki kwenda Austria."

Nikamvuta ndani kwa tai.

Ubao wetu ulichorwa mwezi wa Mei. Tulichorwa katikati, wazee wawili wenye mashavu mekundu, na pembeni nyumba ya baba tena. Walinipa heshima ya kuanza. Nikaiegemeza bunduki yangu bega la kushoto, nikalaza shavu, nikalenga, nikafyatua.

Ukumbi ukalipuka.

"Ya Korbinian hiyo!" Resi akapiga kelele, machozi ya kicheko yanamtoka. "Bibi harusi amepiga ya Korbinian!"

Korbinian peke yake hakucheka. Alikuwa ameshausogelea ubao, anapapasa kwa kidole tundu kwenye mlango wa mbele.

Nikawaambia wengine walete ngazi, wakauangalie na ule ubao wa zamani.