Amepumzika, Usimsumbue

Saa kumi na mbili jioni, Sista alishuka stoo kufuata mitungi miwili ya oksijeni, akakuta mmoja.

"Mwingine uko wapi?"

"Uko njiani," alisema mtunza stoo, ambaye hospitali nzima ilimwita Bwana Funguo kwa ajili ya lile furushi la chuma lililomning'inia kiunoni. "Lori limetoka mchana."

"Mchana wa leo au wa mwaka jana?"

"Sista, usinipandishe presha. Saini hapa."

Akasaini. Kumbe kitabu sicho. Bwana Funguo akaleta kingine, akasaini tena, kisha ikatafutwa kalamu nyekundu maana mtungi wa mwisho husainiwa kwa nyekundu. Ndivyo hospitali ile ilivyokuwa. Juu watu wanatafuta pumzi, chini watu wanatafuta kalamu. Sista alikuwa na miaka ishirini na sita kazini na bado jambo hilo lilimchoma kila siku kana kwamba ni jipya.

Akausukuma mtungi kwenye kitoroli, akapanda nao ule mteremko wa zege, huku gurudumu moja likilia kwi… kwi… kwi… Juu, kabla ya mlango wa wodi, palikuwa na benchi la mbao la kukalia ndugu wa wagonjwa. Benchi bovu. Kila aliyelikalia lilimlilia, hata mtoto.

Mwanamke wa sweta ya kijivu alikuwa amelikalia tena.

Hii ilikuwa jioni ya tatu. Jumatatu alikuwa hapo hapo, mikono mapajani, na Sista alipopita na sinia la dawa alimwuliza kwa sauti ndogo, "Sista, kitanda cha tano amepumzika?" Naye akamjibu kama alivyowajibu ndugu wa wagonjwa maelfu kwa maelfu: "Amepumzika, mama. Usimsumbue." Maana mgonjwa wa kitanda cha tano, dereva mcheshi aliyekuwa amemaliza sahani yake na kuomba nyingine, alikuwa kweli amejilaza. Nusu saa baadaye akakutwa amekata roho. Jumanne mwanamke akaulizia kitanda cha kwanza. "Amepumzika," alijibu Sista bila hata kusimama. Na kitanda cha kwanza nacho kikafunikwa shuka kabla taa za nje hazijawaka.

Watu hufa hospitalini. Sista hakuwa mtu wa kutafuta mchawi kila kitanda kinapokuwa wazi.

"Sista," alisema mwanamke. Ikaja harufu, hafifu, ya majivu yaliyomwagiwa maji. "Kitanda cha tatu amepumzika?"

Sista akafungua mdomo.

"Sista!" Daktari alikuwa amechungulia kwenye mlango wa chumba cha kando. "Njoo kikaoni, tumekusubiri wewe!"

"Nakuja!" alipiga kelele, akakiacha kitoroli kando ya benchi, akapita, na jibu likabaki mdomoni.

Chumba cha kikao kilitenganishwa na lile benchi kwa ubao mwembamba tu. Ndani walikuwa wawili: Daktari, ambaye macho yake yalikuwa hayajaona usingizi tangu juzi, na Katibu wa hospitali, mwenye fomu. Fomu ile ilikuwa imeletwa wiki hiyo hiyo. Kichwa chake kiliandikwa "Vipaumbele", na chini yake mtu alipewa alama: umri, wanaomtegemea, uwezekano wa kupona.

"Mtungi ni mmoja na wanaouhitaji ni wawili," alisema Katibu. "Kitanda cha tatu, alama nne. Kitanda cha saba, alama tisa. Sista, saini yako tu ndiyo imebaki."

Kitanda cha tatu alikuwa Fundi, mshona viatu wa miaka sabini na nane, ambaye tangu alazwe alikuwa akiwakagua wauguzi miguuni na kuwasema kwa visigino vilivyolika. Kitanda cha saba alikuwa Mama Pacha, miaka ishirini na tano, watoto wake wawili hawajatambaa. Sista alijua. Hakuhitaji fomu kumwambia. Alipokuwa anapanda na kitoroli, moyo wake ulikuwa umeshaenda kitanda cha saba wenyewe, na hicho hasa ndicho kilichomtia hasira: kwamba yeye naye alikuwa amekwisha kupima.

"Alama nne za nini?" aliuliza. "Mnamhesabia mtu pumzi kama mnahesabu magoli?"

"Mzee amekula chumvi ya kutosha," alisema Daktari. "Yule binti hajaanza hata kuishi. Unadhani mimi napenda?"

"Tuugawe mtungi. Kile kiunganishi cha matawi mawili kipo kabatini."

"Ukigawa, gesi inaisha mapema. Lori lisipofika saa mbili, umewapoteza wote wawili. Sista, usipochagua, umechagua pia. Wafu wawili badala ya mmoja."

Hakuwa mtu mbaya, Daktari. Hilo ndilo lililokera zaidi. Angekuwa mbaya, Sista angemtukana akalala vizuri. Lakini alikuwa anasema kitu chenye akili, kwa sauti ya uchovu, na kila neno lilikuwa sawa, na jumla yake ilikuwa mtu kuachwa akose hewa huku wengine wanamtazama.

Ndipo akapandwa na mori, akapiga meza.

"Basi kama ni hivyo, mama yangu ana miaka themanini na mbili! Hakuna anayemtegemea, na jina langu mwenyewe halijui tena. Huyo ana alama ngapi? Sifuri? Twende tukampumzishe na yeye?"

Upande wa pili wa ubao, mtu alivuta pumzi. Taratibu… kama anayenusa chakula.

Katibu akakohoa, akaanza kupanga karatasi zake. Chini ya fomu ya leo palikuwa na mbili nyingine, na Sista akaziona namba. Jumatatu: kitanda cha tano. Jumanne: kitanda cha kwanza.

"Hizi ni za nini?"

"Majaribio tu. Tulikuwa tunajifunza kujaza. Hakuna aliyenyimwa kitu."

Wagonjwa wawili waliopimwa kwa majaribio. Wawili walioulizwa kwenye benchi. Wawili ambao yeye, kwa mdomo wake, alisema wamepumzika.

Hakusaini. Akatoka.

Mwanamke alikuwa bado ameketi. Sasa tu Sista akaligundua jambo ambalo siku zote mbili masikio yake yalikuwa yamemwambia. Mwanamke alijisogeza kumpisha nafasi, na benchi halikulia.

"Mama, wewe ni nani wa mgonjwa?"

"Mimi sina mgonjwa, mwanangu. Naulizia tu."

"Yule dereva… alikuwa anapona."

"Nilikuuliza. Ukanijibu."

"Nilisema amelala!"

"Hukusema amelala." Mwanamke alikuwa ananong'ona kwa upole kabisa. "Mimi siendi mahali kwa kujipendea. Nikisikia watu wanapimana nani zaidi, nani pungufu, nakuja. Nauliza. Nikijibiwa, nachukua. Kupima mnapima wenyewe." Akainamisha kichwa upande. "Kitanda cha tatu amepumzika?"

"Hajapumzika."

"Cha saba?"

"Hajapumzika! Wala hapumziki mtu leo humu ndani! Umesikia?"

"Humu ndani," alirudia mwanamke, kama mtu anayeliweka neno akilini asije akalisahau. "Haya. Humu ndani hapana."

Kitoroli kikateleza kidogo nyuma, Sista akageuka kukizuia. Alipoinua macho, benchi lilikuwa tupu. Halikuwa limelia.

Hakungoja ruhusa. Akafunga kile kiunganishi, akavuta mrija mmoja hadi kitanda cha tatu na mwingine hadi kitanda cha saba, akasimama katikati akitazama namba za vile vipimo vya kidoleni zikipanda na kushuka. Daktari akaja, akatazama, akasema, "Unajua unachofanya?"

"Sijui," alisema Sista. "Shika huo mrija."

Akaushika. Wakasimama hivyo. Mhudumu wa usafi alipochungulia na kuuliza kama Fundi amepu… Sista alimkaripia kabla neno halijaisha. "Analala! Sema analala! Neno hilo lisisikike wodini kwangu!" Mhudumu akaondoka amenuna, akimnong'oneza mwenzake kwamba kazi imempanda Sista kichwani.

Mshale wa mtungi ulikuwa umegusa nyekundu ndipo lori lilipopiga honi getini. Saa moja na dakika arobaini. Bwana Funguo alipanda mteremko mbio, mtungi mpya begani, hakudai saini ya mtu. Fundi akafumbua macho, akamtazama Daktari miguuni, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Viatu gani hivyo, kijana?" Na Sista akacheka mpaka akalia. Furaha iliyomjaa ilikuwa kubwa, nayo ilikuwa na kiburi ndani yake. Alikuwa amegoma kuchagua, na wote wawili walikuwa wanapumua.

Alikabidhi zamu, akatembea dakika kumi na tano hadi nyumbani, viatu mkononi kwa muda fulani kwa sababu hakuna aliyekuwa anamtazama.

Mdogo wake alikuwa jikoni anaosha vyombo. Huyu ndiye aliyekuwa akishinda na mama yao mchana kutwa, akimlisha, akimgeuza, akijibu swali lile lile mara arobaini bila kuchoka. Hakuwa na neno baya na mtu. Hata wauza vitu wa mlangoni aliwafukuza kwa kuwaombea baraka.

"Pole na kazi, dada. Mgeni wako hamkupishana njiani?"

"Mgeni gani?"

"Mama mmoja hivi, wa sweta ya kijivu. Anasema mmetoka kuongea kazini, na wewe ndiye uliyemtajia habari za mama. Mstaarabu kweli, hata kuingia hakutaka. Alisimama hapo hapo mlangoni, akaniuliza, mama amepumzika?"

Sista akashika fremu ya mlango.

"Ukamjibuje?"

"Ningemjibuje? Ndiyo kwanza nilikuwa nimemlaza. Nikamwambia, amepumzika."

Majivu. Majivu mabichi, kutoka chumbani.

Aliingia bila kuwasha taa. Mama yao alikuwa amelala chali, shuka limevutwa hadi kidevuni, nywele zimechanwa vizuri. Mkono ulikuwa bado na joto. Sista akamwekea kiganja kifuani, akahesabu. Kumi. Ishirini. Arobaini. Akaendelea kuhesabu hata alipojua kwamba hahesabu kitu tena. Miaka ishirini na sita ya kujua nini cha kufanya, na hapo hapakuwa na cha kufanya.

Simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa ya kutoka wodini. "Sista, tumeona tukufurahishe. Mama Pacha ameketi. Fundi anaomba sindano na uzi."

"Asante," alisema Sista.

"Dada?" Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni, mikono inachuruzika povu. "Dada, mbona umekaa hivyo? Kuna nini?"

Angemwambia nini? Kwamba yeye mwenyewe, kwa hasira ya kutetea uhai, alimtoa mama yao nje ya wodi na kumweka kwenye mizani mbele ya sikio lisilolala? Kwamba mwingine akamalizia kwa neno la adabu? Angemwambiaje mtu mwenye moyo ule kwamba amemuua mama yake kwa kuwa mpole? Hakumwambia. Alisema tu, "Mama ametutoka," na mdogo wake akaanguka magotini, na povu likabaki sakafuni.

Siku ya mazishi watu walikuja wengi. Daktari alikuja, na Bwana Funguo, na Katibu aliyekaa mbali na kuinamisha uso. Foleni ya kutoa pole ikapita mbele ya viti viwili walivyokaa madada, na kila mtu, mmoja baada ya mwingine, akawa anasema kile watu wanachosema.

"Poleni. Amepumzika."

"Amepumzika mama yetu."

"Sasa amepumzika, msilie sana."

Kila liliposemwa, Sista aligeuza shingo kuangalia nani alikuwa ameuliza. Watu wakamwonea huruma. Wakawapima madada wawili, nani imara zaidi, nani pungufu, wakanong'ona kwamba Sista hajalala tangu msiba uingie, na ilikuwa kweli. Uso ulikuwa umemsawijika, na alikuwa amefika mahali pa kuona mambo pembeni mwa macho. Alitamani kusimama apige kelele kwamba wanyamaze wote, lakini nani angemwelewa? Angewakataza watu pole?

Foleni ilipokaribia kuisha, mkono wenye ubaridi ukautwaa wake. Wenye unyevu. Sista akaona mkunjo wa sweta ya kijivu, na hakuthubutu kuinua macho zaidi ya hapo. Alibana midomo. Lolote litakaloulizwa, yeye hatajibu. Hata likiwa jina lake. Alibana mpaka meno yakauma.

Lakini safari hii mwanamke hakumwuliza yeye. Alimwinamia mdogo wake, kwa ule upole wake, kwa ule mnong'ono.

"Na dada yako naye… amepumzika?"

Sista akataka kupiga kelele, na taya lililobanwa likachelewa kufunguka. Mdogo wake alikuwa ameshainua uso uliovimba kwa machozi. Usiku wote uliopita alikuwa amembembeleza dada yake alale walau saa moja. Hakutaka wageni waanze kumhangaikia, wala kumsumbua na maswali.

Akamtazama yule mwanamke kwa shukrani, akafungua mdomo kumjibu.