Kivuli Kilichobeba Daraja

Jua la mchana lilikuwa limeingia dirishani na kulala juu ya ramani, na watu watatu walikuwa wameinamia meza wakibishana kuhusu njia. Nevena alinyoosha kidole kuonyesha mahali mto ulipojikunja.

"Hapa ndipo mimi huishiwa pumzi," alisema. "Mkiwapitisha wageni hapa, wapumzisheni."

Zlatka, dada yake, aliangalia pale kidole kilipogusa karatasi. Kivuli cha kalamu kilikuwepo. Cha chupa ya maji kilikuwepo. Cha mkono wa Stamen, mumewe, kilikuwa kimefunika nusu ya bonde. Cha mkono wa mdogo wake hakikuwepo. Karatasi ilibaki nyeupe chini ya kidole kile kana kwamba hakuna aliyeigusa.

Alipepesa macho, akajiambia ni jua tu. Mwenye wageni njiani hana muda wa kuchunguza vivuli.

Zlatka na Stamen walikuwa na nyumba ya wageni pale Kremenik, katika milima ya Rodopi, na kila majira ya kuchipua waliwazungusha wageni msituni kwa baiskeli. Kundi la safari hii lilikuwa mchanganyiko wa ajabu. Walikuwemo walimu kutoka Plovdiv ambao miguu yao ilikuwa haijui kupanda chochote zaidi ya ngazi za shule. Alikuwemo mjane mmoja aliyenunua baiskeli baada ya Pasaka, akaanguka nayo siku hiyohiyo, akaipenda. Halafu kulikuwa na ndugu wawili kutoka jiji la Sofia, wakimbiaji wa mashindano, wenye mapaja magumu na maneno mengi. Kuwapeleka watu wa namna hiyo pamoja ni kazi. Wenye kasi lazima wapewe kilima cha pembeni wajichoshe nacho, kisha warudi wakutane na wenzao, ili wote wafike kwenye chakula pamoja na asiwepo wa kujiona mzigo.

Mpango wote ulilitegemea daraja la mawe la zamani kule chini. Bila daraja, wanyonge wangelazimika kubeba baiskeli mabegani na kuvuka maji ya theluji yanayofika kiunoni. Tao lake lilikuwa limebomoka upande mmoja, na Stamen aliapa kulitengeneza akisaidiwa na mwashi wa kijiji, mzee Salih. Walijenga, likaanguka. Wakajenga tena, likaanguka tena. Mara ya tatu lilisimama, na Stamen akawa anatembea kifua mbele utafikiri ameijenga milima yenyewe.

Aliyekuwa akitumiwa kuzijaribu njia zote ni Nevena. Aliishi nao tangu ndoa yake ivunjike, akipikia wageni, na kwa kuwa alikuwa mzito na mpole wa mwendo, Zlatka alimchukua kila walipokagua njia. Nevena akiweza, kila mtu ataweza. Stamen alimwita konokono, naye alicheka, maana hakuwa mtu wa kinyongo. Hilo ndilo linalouma ukilifikiria.

Tangu juma lile daraja liliposimama, Nevena alianza kusikia baridi. Alivaa sweta mbili akiwa mbele ya jiko. Supu ya maharage, ambayo zamani alikuwa akifuta bakuli lake kwa mkate, aliiangalia hadi ikaganda. Nywele zake zilianza kutoa harufu ya chokaa mbichi.

"Umeoga na nini wewe?" Zlatka alimuuliza.

"Sabuni ileile, dada. Hata mimi naisikia."

Daktari wa mjini alimpima damu, akasema hana ugonjwa, apumzike. Akapumzika, akazidi kudhoofika.

Jioni moja, wakiwa mezani, ulisikika mlio nje ya dirisha. Tik-tik-tik-tik, ule mlio wa gurudumu la nyuma mtu anapoacha kukanyaga na kuiachia baiskeli iteremke yenyewe. Ukapita polepole ukutani, ukaenda, ukarudi, ukasimama sawasawa na kiti cha Nevena.

"Shemeji amerudi?" Nevena aliuliza, macho yamemlegea.

Stamen alikuwa ameketi mbele yake, kijiko mkononi. Baiskeli zote zilikuwa zimetundikwa bandani. Zlatka alitoka nje, akakuta nyasi zimelala mstari mmoja mwembamba, na mstari ule ulikuwa na unyevu wa mto. Aliporudi ndani, mumewe alikuwa bado anakula. Hakuuliza alichokiona, na Zlatka aliishika ile hali ya kutouliza akaiweka moyoni.

Siku mbili kabla ya wageni kufika, mke na mume walikwenda kuipitia njia kwa mara ya mwisho. Walipokaribia daraja Stamen aliongeza mwendo, akapita kama anayekimbia mvua, uso ameugeuzia kulia. Zlatka alisimama katikati. Kazi yake ilikuwa kukagua kama mjane angeweza kuvuka bila kutishika, basi akaangalia chini, akaangalia kingo, na alipoangalia ukingo wa kushoto akaona kivuli cha mtu kimelala juu ya mawe.

Alidhani ni chake. Lakini chake kilikuwa kulia kwake, kifupi, na hiki kilikuwa upande uleule jua lilikotoka, mahali ambapo kivuli hakiwezi kulala, nacho kilikuwa cha mtu mnene aliyeegemea baiskeli, mkono mmoja kiunoni, kofia ngumu imepinda upande kama Nevena anavyoivaa kila siku na kila siku anaambiwa ainyooshe, na kilikuwa kikipumua, mabega yakipanda na kushuka, yakipanda na kushuka kwa ile pumzi ya mtu aliyechoka anayesubiri wenzake, na harufu ya chokaa ikapanda kutoka kwenye jiwe na kumjaa kooni, na ndipo kichwa cha kile kivuli kikageuka taratibu juu ya mawe kikamwelekea yeye. Zlatka hakumbuki alivyotoka pale.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa mzee Salih, akamkuta kibarazani na kikombe cha kahawa. Mzee alipomwona tu alikiweka kikombe chini.

"Umekiona," alisema kwa sauti ya chini.

"Mmemfanya nini mdogo wangu?"

"Si mimi, mwanangu. Nilikataa. Mumeo aliniambia wageni wameshakubaliwa, daraja linaanguka kila siku, nifanye walivyofanya waashi wa zamani. Nikamwambia Mungu apishe mbali, mkono wangu hautapima kivuli cha mtu." Alijifuta uso. "Basi akapima mwenyewe. Nevena alikuwa amesimama pale anahema, jua limempiga. Stamen akapita nyuma yake na uzi, akaupima urefu wa kivuli chake, akaukata, akaujengea ndani ya ukingo. Tangu hapo jiwe halijatikisika."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Mungu anisamehe."

"Ataishi?"

Salih aliangalia kahawa yake. "Wazee walisema mtu wa namna hiyo hamalizi siku arobaini. Kivuli kinakuwa jini la daraja, na mwenyewe anakwisha kama mshumaa."

"Nikiutoa uzi?"

"Uzi peke yake hautoshi. Kikishazoea kubeba jiwe hakibanduki hivihivi. Kitakuuliza ni nani aliyekipima. Utakayemtaja ndiye atakayebaki pale badala yake. Ukitaja, umetaja, hakuna kurudi nyuma. Isipokuwa mwenye kosa akiri mwenyewe kwa kinywa chake na alibomoe daraja kwa mikono yake. Hapo wote wawili wanapona."

Zlatka alimkuta mumewe bandani akipaka minyororo mafuta. Damu ilikuwa imemchemka kiasi kwamba alinong'ona, maana angefungua mdomo zaidi angepiga yowe.

"Uzi, Stamen. Ulimpima mdogo wangu."

Alidhani atakana. Stamen alifuta mikono kwa kitambaa. "Salih mzee mbea. Ule ni mchezo wa waashi tu, Zlatka. Uzi ndani ya udongo. Wewe umesoma."

"Kama ni mchezo, mbona hukupima kivuli chako?"

Stamen alikikunja kitambaa.

"Mbona hukupima changu? Nilikuwa hapohapo."

"Wewe ni mke wangu."

"Na yule ni nani? Gunia la viazi?"

"Yule," Stamen alisema, na hapo sauti yake ikapanda, "alikuwa amesimama. Kila siku amesimama. Kila safari tunamngoja yeye. Ulitaka njia ya wanyonge, nimekupa njia ya wanyonge. Wanyonge hawavuki juu ya maneno yako matamu ya mezani, wanavuka juu ya jiwe."

"Libomoe. Twende sasa hivi, ukiri, ulibomoe."

"Wageni wakishaondoka, tutaona."

"Wageni wakiondoka atakuwa amekufa."

"Basi usinifanye mchawi nyumbani kwangu," alisema, akarudi kwenye minyororo yake. Zlatka aliitazama shingo yake iliyoinama na akamchukia kwa moyo wote, chuki safi isiyokuwa na huzuni ndani yake.

Asubuhi ya safari Nevena hakuweza kuinua kikombe. Alilala akiuangalia ukuta, midomo imepauka kama udongo. "Waangalieni vizuri watu wa nyuma, dada," alinong'ona. "Yule mjane msimwache peke yake." Zlatka alimbusu nywele zenye harufu ya chokaa, akafunga mtaimbo kwenye baiskeli yake kwa kamba, akamwambia Stamen awaongoze wageni, yeye anatangulia kuangalia njia.

Kivuli kilikuwa palepale. Safari hii kilikuwa kimenenepa, cheusi kama kisima, na Zlatka alipoutia mtaimbo chini ya jiwe la ukingo kilimsogelea, akasikia baridi ikimpanda vifundoni. Alisukuma akilia na kutukana, akamtukana Stamen, akamtukana Salih na kahawa yake, akajitukana mwenyewe aliyemburuta Nevena kila mlima kumfanya kipimo cha watu wengine, hadi jiwe likachomoka na ndani ya udongo ukaonekana uzi mwekundu, umelowa, na alipoushika ukawa na joto na ukapiga kidogo, ukanyamaza, ukapiga tena, mapigo dhaifu ya mtu aliye mbali kitandani.

"Nani alinisimamisha hapa?"

Ilikuwa sauti ya Nevena, lakini ilitoka chini, ndani ya tao, pamoja na maji. Sauti haikuwa na upole hata kidogo. Yote ambayo Nevena aliyacheka miaka hiyo, konokono na mzigo na kila walipomwacha nyuma, yalikuwa humo.

"Nawabeba. Mgongo unavunjika. Nani alinisimamisha hapa?"

Ndipo akawasikia wageni wakiteremka. Stamen alikuwa mbele, nyuma yake wale ndugu wawili, kisha walimu, mjane mwisho kabisa. Stamen aliuona mtaimbo na jiwe lililong'oka, akafunga breki juu ya daraja.

"Sema mwenyewe," Zlatka alimwambia kwa sauti ya chini. "Kinakuuliza. Sema, tulibomoe, twende nyumbani."

Stamen aliwageukia wageni akicheka. "Mke wangu hajalala wiki nzima. Piteni jamani, daraja ni zima, nimelijenga mwenyewe."

"Stamen, nakuomba. Ni neno moja."

"Nitasema nini? Kwamba mto unaongea?" Alikuwa akicheka bado, ila jasho lilimtoka, na jicho lake halikuthubutu kugeuka kushoto. Alikisikia. Alikuwa akikisikia tangu siku ya kwanza.

"Nani?" sauti iliuliza, na uzi ukapiga mara moja, ukakaa muda mrefu bila kupiga tena.

Zlatka aliinama hadi midomo yake ikakaribia jiwe. "Stamen, mwana wa Radoy," alisema. "Mume wangu. Ni huyu hapa."

Wageni hawakuona kitu. Walisikia tu mlio wa gurudumu ukiwapita upesi kuelekea kijijini, na mjane akajivuta pembeni kuipisha baiskeli ambayo haikuwepo. Uzi ulikatika mkononi mwa Zlatka na kuwa matope.

Walivuka mmoja mmoja. Stamen alibaki katikati, mkono umeshika ukingo, mahali palipong'oka jiwe, akiwaitikia wageni kwa kichwa kama mwenyeji anayewasindikiza.

Simu ililia. Ilikuwa Nevena, na nyuma yake mlango wa kabati ulikuwa ukifunguliwa na kufungwa.

"Dada, mtindi wote mmebeba? Nina njaa mimi, na humu ndani hakuna kitu."

Zlatka alikaa juu ya kiti cha baiskeli akilia kimyakimya mbele ya walimu, simu sikioni, akimsikiliza mdogo wake akilalamika juu ya mkate mkavu.

"Zlatka." Stamen aliita kutoka darajani, si kwa nguvu. "Zlatka, njoo. Mguu hautoki. Njoo unishike mkono."

Wale ndugu wawili walimtazama Zlatka wakingoja aseme kitu. Alifuta uso kwa mkono wa jaketi lake. Akamwita mjane aje mbele ashike mwendo, akawaambia wale wawili wakae nyuma yake na wasimpite hata akienda kwa miguu.

"Na mzee Stamen?" mmoja aliuliza.

"Twendeni," Zlatka alisema, akakanyaga.