Giaboksi Iliyotoka Chini ya Barafu

Mafuta yaliyotoka kwenye giaboksi yalikuwa meupe kama chai ya maziwa.

Lyle Engebretson alikuwa amelala chali chini ya pikapu kuukuu ya marehemu baba yake, akiyatazama yakichuruzika ndani ya beseni. Fundi yeyote huku Minnesota anajua maana yake: maji yameingia. Lakini Lyle alikuwa na haraka. Jumamosi binti yake anaolewa, naye ameapa kumpeleka kanisani kwa gari la babu yake. Giaboksi ya zamani, ya gia tatu, ilikuwa imekufa. Hii ya gia tano aliinunua kwa Duane, muuza skrepa, akaikatia nafasi sakafuni, akafupisha shafti, ikakaa kama imezaliwa humo.

Akampigia Duane simu. "Kitu hiki umekitoa wapi?"

"Kwenye gari. Kwani giaboksi zinaota shambani?"

"Ina maji."

Duane akashusha sauti. "Badilisha mafuta, mzee. Usiniulize mengi."

Akabadilisha. Kesho yake yakatoka meupe vilevile, na gereji nzima ikanuka matope ya ziwa. Mkewe, Marvel, aliyemletea kahawa, akaziba pua mlangoni.

"Umeanza kuvua humu?"

"Ni mafuta tu."

"Ya samaki, labda." Akacheka peke yake.

Alhamisi mchana wakaingia wote wawili kuijaribu. Ilikuwa Julai, jua la kubabua mahindi. Gia ziliingia laini, hata Marvel akasifu. Walipofika kwenye kona ya ziwani, liva ikajisogeza yenyewe chini ya kiganja cha Lyle, kutoka gia ya tatu hadi ya nne. Ilikuwa ya baridi mno.

"Simama, Lyle," Marvel alinong'ona.

"Haitaki."

"Zima basi."

"Nimeshazima."

Ufunguo ulikuwa mkononi mwake na injini bado ilinguruma, klachi ikazama hadi sakafuni bila kufanya lolote, breki nazo zikawa kama anakanyaga tope, gari likaiacha lami na kushika njia ya kushushia mashua, huku vioo vikiganda ukungu kwa ndani na milango ikikataa kufunguka, na katikati yao, pale ambapo hapakuwa na mtu, mtu alikuwa akihema haraka haraka na kukwaruza kioo kwa kucha, na Marvel akizungusha mkono wa dirisha, ule wa kushushia kioo, ukazunguka bure, ukazunguka tu, na liva ikaingia gia ya tano.

"Alifunga vioo," Marvel akasema. "Lyle, huyu alifunga vioo."

Huku hata mtoto anajua. Ukiendesha gari juu ya ziwa lililoganda, unafungua vioo na kufungua mkanda, hata baridi ikikutoa machozi, ili barafu ikipasuka upate pa kutokea. Huyu maskini aliona baridi, akavifunga.

Marvel akakamata chupa ya chuma ya kahawa iliyokuwa miguuni pake, akakipiga kioo, akakipiga tena kwa nguvu zake zote. Kikavunjika. Pumzi ndefu ya baridi ikampita shingoni, ikatoka nje. Injini ikazimika, matairi ya mbele yakiwa majini.

Duane alikiri siku hiyohiyo. Gari lenye giaboksi ile lilivutwa kutoka ziwani majira ya kuchipua, barafu ilipoyeyuka, na dereva wake alikutwa bado ameshika mkono wa dirisha. Lyle akaing'oa giaboksi na kumrudishia bila kumpa salamu. Binti akaenda kanisani kwa gari la mjomba wake, na Lyle akalia ibada nzima. Watu walidhani ni furaha.

Sasa ni Januari, baridi ya kupasua miti, na dirisha la jikoni kwa akina Engebretson, lile linalofunguliwa kwa mkono wa kuzungusha kama la gari, liko wazi. Wageni wakiuliza, Marvel huwaambia jiko lina moshi. Walijaribu kulifunga mara moja tu. Walikuwa mezani, wanakula, mkono wa lile dirisha ukaanza kuzunguka wenyewe, kwa pupa, na mezani pakanuka matope.

Lyle aliinuka akalifungua. Kisha wakavaa makoti, wakamaliza kula.